Mstari Ulioongezwa

Ukipanga chumba Mbagala Kizuiani au Tandale, usishangae kukuta kwenye mkataba kifungu cha namna hii: "Mpangaji haruhusiwi kumwaga maji ya samaki mlangoni." Vifungu vya juu yake ni vile vile vya kila siku: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, notisi ya mwezi mmoja, LUKU kwa zamu. Halafu ghafla maji ya samaki. Hakuna wakili aliyefundishwa kifungu hicho chuoni. Kipo pale kwa sababu aliwahi kuwepo mpangaji, pengine mama aliyekuwa akirudi na ndoo kutoka Feri, na palikuwa na asubuhi moja ambayo mwenye nyumba aliteleza mbele ya majirani. Mpangaji yule amehama zamani. Hasira imebaki, na sasa ina namba: kifungu cha 7.

Watu wengi huichukulia karatasi ya kisheria kuwa kitu kikavu, chenye majina, tarehe na muhuri, na kisicho na moyo. Si kweli, ila moyo wenyewe hauko pale wanapoutafuta. Nyaraka nyingi zinazotawala maisha ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, hazitungwi. Zinanakiliwa. Kijana wa steshenari ana faili kwenye kompyuta lililoandikwa MAUZIANO. Anabadilisha majina, ukubwa wa eneo, bei na majirani wa pande nne, anachapa nakala kadhaa, na wahusika wanashika njia ya ofisi ya serikali ya mtaa. Yale maneno mazito ya "nikiwa na akili timamu, bila kushawishiwa wala kulazimishwa na mtu yeyote" hayatuelezi chochote juu ya akili ya muuzaji. Yalikuwemo kwenye kompyuta kabla hajaingia dukani.

Anayetaka kumsoma mtu ndani ya karatasi basi atafute kiraka. Aangalie pale mteja alipomwambia kijana, "Kaka, ongeza hapo chini," na pale alipomwambia, "Hilo litoe." Lakini ili ukitambue kiraka ni lazima uijue nguo ilivyokuwa. Ndiyo maana mjumbe mzee aliyeshuhudia mauziano ya miaka mingi anaweza kuishika hati, akaipitisha macho mara moja tu, na kuuliza swali ambalo msomi wa mjini asingeliuliza.

Tuanze na kiwanja, maana ndiko fedha iliko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mauziano yawe kwa maandishi, na mitaani watu wamelitii hilo kwa bidii kubwa: hata eneo ambalo halijawahi kuonwa na mpimaji lina hati yake ya mauziano, mashahidi wake na dole gumba. Katika hati ya kawaida muuzaji anasema ameuza, amepokea fedha taslimu, na hana madai yoyote. Mara nyingi kuna pia sentensi inayosema akitokea mtu wa kudai, muuzaji atawajibika. Mpaka hapo hakuna habari.

Habari inaanza pale sentensi hiyo inaporefuka. Mnunuzi akitaka iongezwe "pamoja na gharama zote za ujenzi," huyo ni mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, au aliyesikia kitu kwa bodaboda njiani. Ni hofu ya kawaida na haina ubaya. Lakini mara nyingine anayerefusha ni muuzaji mwenyewe, bila kuombwa: "Wala kaka yangu mkubwa, wala dada zangu, wala mtoto wa marehemu kaka yangu aliyeko Muscat, hakuna mwenye haki katika eneo hili." Isome tena. Mnunuzi hakuuliza habari za Muscat. Muuzaji hapo haongei na mnunuzi hata kidogo. Anaongea na watu ambao hawapo mezani, kwa hasira ya kikao cha ukoo ambacho pengine kilivunjika bila dua ya kufunga. Hati ya ardhi imegeuka barua kwa ndugu, na wewe mwenye fedha ndiye uliyegeuzwa tarishi.

Kwangu mimi hilo ndilo swali lenye faida kuliko yote mbele ya waraka: karatasi hii inaongea na nani? Ikiwa inaongea na wewe, soma masharti. Ikiwa inaongea na mtu mwingine, mtafute mtu huyo kabla hujahesabu noti.

Ukimya nao unasomeka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo hati ya nyumba ya familia isiyomtaja mke inajulikana kuwa na kasoro, na kila dalali analijua hilo. Iliyo ngumu zaidi kuigundua ni ile inayomtaja, ila mahali pasipo pake. Ukiona jina la mke limewekwa chini kabisa, shahidi wa nne baada ya mjumbe na vijana wawili wa jirani, jua kuna mtu aliyetaka saini yake bila kutaka neno lake. Shahidi anasema tu kwamba ameona. Hasemi kwamba amekubali. Huyo mama amefanywa mtazamaji wa nyumba yake ikiuzwa, na aliyepanga hivyo alijua anachofanya, au alimsikiliza mtu aliyejua.

Kisha bei. Kwa miaka mingi imezoeleka kwamba ofisi ya serikali ya mtaa ichukue asilimia 10 ya mauziano, na kwa miaka hiyo hiyo watu wamelilalamikia jambo hilo. Matokeo yake ni karatasi zenye bei ya aibu: kiwanja cha milioni 15 kinaandikwa milioni 6, na ile 9 iliyobaki inahama mkono kwa mkono ndani ya gari. Wote wawili wanacheka wakati huo. Nia iliyofichwa hapo ni ndogo na ya kibinadamu, kukwepa asilimia, lakini imewaweka katika hali ya ajabu: mauziano yakivunjika, muuzaji anayo karatasi halali inayosema alipokea 6.

Na saa. Hati nyingi zina tarehe tu. Ukikuta "salio litalipwa kesho saa nne kamili asubuhi bila kukosa," kuna mtu mwenye haraka. Ila hapa ndipo wasomaji wengi wa nyoyo za watu wanapojikwaa, kwa sababu saa inasema haraka, haisemi haraka ya nini. Muuzaji anaweza kuwa na mgonjwa Muhimbili anayesubiri kupasuliwa. Anaweza pia kuwa ameliuza eneo hilo hilo kwa mtu mwingine Jumanne. Wino ni ule ule.

Kuna karatasi moja ambayo sheria yake yenyewe imekiri kwamba wino hautoshi. Ni karatasi ya talaka. Waislamu wa pwani yetu kwa karne nyingi wamefuata madhehebu ya Shafi, na wanazuoni wa madhehebu hayo hutenganisha tamko la wazi na tamko la fumbo. Mume akimtamkia mkewe kwa mdomo kwamba amemtaliki, haulizwi alikusudia nini. Akimwambia "nenda kwenu," hilo ni fumbo na linahitaji nia. Na kuandika bila kutamka, hata kama kilichoandikwa ni lile neno la wazi lenyewe, kumewekwa kwenye fungu la mafumbo. Kwa hiyo shehe anayeletewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule hawezi kutoa jibu kwa kuisoma tu. Inambidi amgeukie mwenye mwandiko.

"Ulipoandika haya ulikusudia nini?"

"Shehe, nilikuwa na hasira."

Jibu hilo husikika sana, na halimwokoi mtu. Hasira ya kawaida haifuti talaka. Karibu kila talaka imetoka kwenye hasira. Hasira iliyomwondolea mtu fahamu ni mlango mwingine, na wanaopita hapo ni wachache. Shehe anachotafuta ni kama mkono ulijua unachoandika.

Pembeni ya swali la shehe, karatasi zenyewe zina mengi. Namba kwanza. Aliyeandika talaka moja ameacha njia ya rejea wakati wa eda, hata kama kinywa chake kinasema hamtaki tena. Aliyeandika tatu kwa mkupuo ameifunga njia na kuutupa ufunguo, na mara nyingi ndiye wa kwanza kufika kwa shehe Jumatatu kuuliza kama hakuna namna. Kisha urefu. Karatasi ya mistari miwili, yenye jina, tarehe na neno la talaka, ni ya mtu aliyekwisha kuamua. Yenye kurasa mbili, visa vya shemeji na habari ya harusi ya Mwananyamala ambayo mke alikwenda bila ruhusa, huyo anataka kujibiwa. Na anayemalizia kwa kuorodhesha vitu, sofa ni lako, jokofu tugawane, kitanda kinabaki, mimi ningemwambia mke ahifadhi nambari ya simu ya mume huyo.

Kwa sheria ya nchi talaka hiyo si mwisho wa safari. Sheria ya Ndoa inawataka wapitie kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itamke kwamba ndoa imevunjika pasipo kurekebika. Tangu mwaka 2021 mashauri ya ndoa na mirathi ya Dar es Salaam yana kituo chake jumuishi Temeke, chenye Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu mahali pamoja. Ile karatasi ya daftari, iliyoandikwa usiku kwa taa ya simu, inafika huko na kupewa alama ya kielelezo.

Huko huko ndiko unakofika wosia, na hapo sheria imefanya jambo ambalo nalipenda: imeitaka hasira ijieleze. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zinamruhusu mzee kumnyima mtoto urithi. Lakini lazima aseme waziwazi kwamba anamnyima, na sababu iwe miongoni mwa zinazokubalika: mtoto amezini na mke wa baba, amejaribu kumuua au kumjeruhi baba au mama, amemtelekeza baba katika njaa au ugonjwa bila udhuru. Tena mtoto apewe nafasi ya kujitetea. Kumruka tu, kana kwamba hakuzaliwa, hakutoshi.

Nchi nzima ilifuatilia jambo la namna hii katika mirathi ya Reginald Mengi, mwenye kampuni za IPP, aliyefariki Dubai Mei 2019. Uliletwa mahakamani wosia wa Agosti 2017. Mei 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam, mbele ya Jaji Yose Mlyambina, iliubatilisha. Miongoni mwa yaliyouangusha ni hali ya afya yake baada ya kupata kiharusi, na jinsi watoto wake wakubwa walivyoachwa nje ya urithi pasipo sababu. Mitaani mjadala ulikuwa juu ya nani alimpenda nani. Mahakama haikuhitaji kufika huko. Iliuliza kama karatasi inabeba akili ya aliyesaini, na kama uchungu ulioandikwa humo umetaja chanzo chake.

Kwa mzee wa Kiislamu mambo ni tofauti kidogo. Mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa; wosia wake hauvuki theluthi ya mali, na haumhusu mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Hapo upendo na chuki havina pa kukaa. Ukitaka kujua mzee wa Temeke Mikoroshini alimpenda nani, usisumbuke na wosia, tafuta hati za hiba. Nyumba ya uani aliyompa binti wa mwisho akiwa hai, na funguo akamkabidhi mbele ya watu, inasema kila ambacho mirathi imekatazwa kusema.

Ziko nyaraka, kinyume chake, ambamo moyo umepigwa marufuku kabisa. Hati ya kiapo ni mojawapo. Mwaka 1966, katika shauri la Matovu, Mahakama Kuu ya Uganda ilisema kiapo kibebe mambo ya hakika tu, kisibebe maombi, hoja za sheria wala hitimisho, na mawakili wa Tanzania wanalinukuu shauri hilo mpaka leo wanapotaka kiapo cha upande wa pili kitupwe. Mteja hapendi. Anakuja ofisini akitaka iandikwe kwamba mwanamume huyu ni katili, mlevi, na hana hofu ya Mungu. Wakili mzoefu anamwachia aseme yote, kisha anaandika aya moja: mara ya mwisho mjibu maombi alilipa ada ya mtoto ilikuwa Januari ya mwaka juzi, risiti imeambatishwa. Tarehe hiyo tupu inauma kuliko "katili" kumi. Ukikutana na kiapo kilichojaa "kwa masikitiko makubwa" na "bila hata chembe ya aibu," ujue kimeandikwa na mteja, au na wakili aliyechoka kubishana naye.

Hapo linaibuka tatizo ambalo wanaojifanya mabingwa wa kusoma nia hulisahau: moyo ulioko kwenye karatasi ni wa nani? Barua ya madai ya siku 14, yenye ubaridi wa kutisha, ni ya wakili. Mdai mwenyewe yuko Tegeta analia. Maelezo ya mtuhumiwa kituoni mara nyingi yanaandikwa na askari, lakini kwa nafsi ya kwanza: "Mimi ni mkazi wa Yombo, nakumbuka mnamo tarehe..." Sijapata kumsikia mtu wa Yombo akianza kisa chake kwa "mnamo."

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama ya watu. Timothy Evans alinyongwa London mwaka 1950. Mwaka 1968 mwanaisimu Jan Svartvik alichambua maelezo yaliyoandikwa kwa jina lake na kuonyesha kwamba ndani yake kulikuwa na mitindo miwili ya lugha isiyoweza kuwa ya mtu mmoja asiyejua kusoma vizuri. Derek Bentley alinyongwa Januari 1953. Miaka mingi baadaye Malcolm Coulthard alionyesha kwamba maelezo ya kijana huyo yana namna ya kupanga matukio inayopatikana kwenye ripoti za polisi, si kwenye vinywa vya watu wa kawaida. Hukumu ilifutwa mwaka 1998. Wachambuzi hao hawakudai kuona roho ya mtu. Walihesabu maneno na kuyalinganisha na yale ya kawaida, yaani walifanya kwa takwimu kile ambacho mjumbe wetu anafanya kwa kumbukumbu.

Wanaouza ujuzi wa kusoma tabia kwa mwandiko siwahesabu katika kundi hilo. Mchunguzi wa maandishi anayeaminiwa mahakamani anaweza kusema saini hii na ile zimetoka mkono mmoja au hazikutoka. Hawezi kusema aliyesaini ni mchoyo. Saini inayotetemeka kwenye hati ya Chamazi huenda ni ya mwongo. Mara nyingi zaidi ni ya mzee wa miaka 78 aliyesahau miwani nyumbani.

Na mzee huyo ndiye anayestahili macho yetu, kwa sababu sheria imemfikiria. Sheria ya Mikataba inahesabu makubaliano kuwa mkataba pale tu ridhaa ilipokuwa huru, bila shuruti, udanganyifu au ushawishi usiofaa, na katika ushawishi huo imemtaja mtu ambaye akili yake imedhoofishwa na umri au maradhi, akiwa mbele ya mwenzake aliyekuwa na nafasi ya kumtawala. Mpwa aliyemleta kwa bajaji, akamshikia kalamu, na ndiye atakayebaki na fedha, yumo humo.

Shida ni muda. Baada ya saini, Sheria ya Ushahidi ya 1967 haipendi maneno ya mdomo yanayokuja kuyapinga yaliyoandikwa. Milango ipo, kama udanganyifu, lakini anayeigonga lazima athibitishe. Hisia uliyoipata ukisoma haina thamani mahakamani kama hukuigeuza kuwa swali siku ile ile, pale mezani, mjumbe akiwa bado hajaondoka: "Mzee, samahani, huyu mtoto wa marehemu kaka yako aliyeko Muscat, ana taarifa?" Mzee akikasirika, umepata jibu. Akinyamaza na mpwa akajibu kwa niaba yake, umepata jibu lingine.

Wengi hawaulizi, kwa kuwa bei ni nzuri na mvua iko karibu, na tofali zimeshalipiwa. Hati inagongwa muhuri, msingi unachimbwa wiki hiyo hiyo. Sheria ya Ukomo inampa anayedai ardhi miaka 12 ya kufungua shauri, na ndege za kutoka Muscat zinatua Dar es Salaam karibu kila siku.